Kila Kanzidata Ipewe Nafasi Inayoistahili

Tarehe 29 Agosti 2023, viwanda 12 vya kuunda magari vya kampuni ya Toyota nchini Japani vilishindwa kuanza kazi ya asubuhi, na kabla ya siku kwisha viwili vilivyosalia vikafuata, hata vyote 14, pamoja na njia zake 28 za uundaji, vikawa vimesimama. Wengi waliosikia habari ile walidhani ni kazi ya wadukuzi, maana tarehe 1 Machi 2022 viwanda hivyo hivyo vilikuwa vimesimama kutwa nzima baada ya mmoja wa wauzaji wa vipuri vyake kushambuliwa kwa njia ya mtandao. Safari hii hapakuwa na adui. Kampuni yenyewe ilieleza wiki iliyofuata kwamba tarehe 27 yalifanywa matengenezo ya kawaida katika seva zinazoshughulikia maagizo ya vipuri. Kwamba katika matengenezo hayo data iliyokuwa imelimbikana ndani ya kanzidata ilifutwa na kupangwa upya. Na kwamba kazi ilipokuwa ikiendelea nafasi ya diski ikapunguka, mfumo ukasimama. Seva za akiba, ambazo ziliwekwa makusudi ili zipokee kazi pindi zile za mbele zikishindwa, zilikuwa katika mfumo ule ule, nazo zikapatwa na dhara lile lile. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuihamishia data katika seva yenye nafasi kubwa zaidi, na siku ya pili yake viwanda vikarejea kazini.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu Toyota ni kampuni iliyosifika ulimwenguni kwa elimu ya kupima akiba. Taiichi Ohno na wenzake waliwafundisha watu wa viwanda, tangu katikati ya karne iliyopita, kwamba kipuri kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika na kwa kiasi kinachohitajika. Kisirundikwe ghalani kwa hofu wala kisikosekane kwa uzembe. Ikiwa watu wenye mazoea kama hayo waliweza kushikwa ghafula na upungufu wa nafasi ndani ya seva zao, sembuse ofisi zetu, ambamo aghalabu hakuna hata mtu mmoja aliyepewa kazi ya kutazama, kwa tarehe maalumu, ni kiasi gani cha diski kimetengwa kwa ajili ya kanzidata, na ni kiasi gani katika hicho kanzidata hiyo inakitumia kweli?

Jambo hili lamhusu kila raia, ijapokuwa lazungumzwa na mafundi peke yao. Hospitali, mahakama, halmashauri, vyuo na vyama vya akiba na mikopo katika nchi zetu vimekwisha kuhamisha madaftari yao mengi kutoka kabatini kwenda ndani ya seva. Jina la mtu, deni lake, dawa aliyoandikiwa, alama alizopata mwanawe na mpaka wa kiwanja alichoachiwa na babaye, vyote vimo humo. Daftari la karatasi likijaa, karani hufungua jingine na kazi ikaendelea. Kanzidata ikikosa nafasi hukataa kuandika, na aliyetoka kijijini tangu alfajiri huambiwa pale dirishani kwamba mtandao hakuna, arudi kesho, hali mtandao upo na kilichokosekana ni gigabaiti chache katika volyumu moja, yaani sehemu moja ya diski, ambayo jirani yake, ndani ya mashine ile ile, ina mamia ya gigabaiti yaliyolala bure.

Hapo ndipo ilipo rai yangu. Israfu na dhiki katika seva zetu ni matunda ya mti mmoja: kipimo kilichokisiwa siku ya kununua mashine hugeuka kuwa sheria ya milele, kisitazamwe tena mpaka siku ya balaa. Kipimo kile yapasa kirejewe, kwa kalenda na kwa hisabu, na volyumu iliyopewa zaidi ya haki yake ipunguzwe, iliyopewa pungufu iongezwe, kabla shilingi moja ya umma haijatoka kwenda kununua diski mpya.

Lau tungekuwa tunaishi katika zama za mwanzo za kompyuta, ningenyamaza, kwa kuwa wakati ule mtu hakuwa na la kufanya. Kabati la diski la IBM la mwaka 1956, lenye sahani 50 za kuzunguka, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, lilichukua herufi milioni 5 tu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa azihesabu, maana uchache wake ulimhesabia. Diski zilipokua, zikaanza kukatwa sehemu kwa sehemu. Na sehemu hizo zilikuwa kama vyumba vilivyotengwa kwa kuta za mawe, ambapo aliyetaka kukipanua chumba kimoja hakuwa na budi kubomoa, kuhamisha vyombo vyote na kujenga upya. Mwaka 1998 Heinz Mauelshagen, akifuata mfano wa programu iliyokuwamo katika mashine za HP, aliuandikia mfumo wa Linux programu ya kusimamia volyumu za kimantiki, na kuta zile zikawa zinasogezeka. Diski moja au nyingi hukusanywa kuwa fungu moja. Fungu hilo hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4 kila kimoja. Na volyumu ya kimantiki ni idadi tu ya vipande hivyo, ambavyo si lazima viwe karibu karibu, wala si lazima viwe katika diski moja. Kuongeza volyumu ni kuiandikia vipande zaidi kutoka katika fungu. Kuipunguza ni kuvirudisha.

Zana hii imo ndani ya Linux tangu robo karne iliyopita, hailipiwi, na kwa yakini imo katika seva nyingi za ofisi zetu hivi sasa. Lililokosekana ni mazoea ya kuitumia kwa lile iliyotengenezewa.

Tuichukue ofisi moja ya mfano tuione kwa karibu. Ina seva yenye diski ya terabaiti 2, na siku ya kuifunga, fundi aliigawa hivi: gigabaiti 200 kwa mfumo wa uendeshaji, 1,200 kwa kanzidata, 100 kwa shajara ambamo kanzidata huandika kila muamala kabla ya kuuingiza mahali pake, na 500 kwa nakala rudufu. Mgao huo haukuwa wa kijinga. Mtu aliyeufanya alikuwa hajui kanzidata itakua kwa mwendo gani, naye akaipa nafasi kubwa kwa kuihurumia. Miaka mitatu imepita. Kanzidata imetumia gigabaiti 310, shajara 92, nakala rudufu 470. Mara mbili kwa mwezi fundi wa zamu hufuta nakala za zamani usiku ili nakala ya leo ipate pa kukaa, na shajara ikaribiapo ukingo hulala hana usingizi. Kisha barua huandikwa kwa mkurugenzi kuomba diski mpya, na mkurugenzi, ambaye hana njia ya kujua kwamba gigabaiti 890 zimelala ndani ya volyumu ya kanzidata, huidhinisha. Barua ile haina uongo hata neno moja: nafasi ya nakala imekwisha kweli. Bali mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lililokosekana ni la mistari minne, likionyesha kilichotengwa na kilichotumika, kila mwezi, kwa kila volyumu.

Sasa, kilichotumika ni kipi? Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza, hata mafundi wenye bidii. Kuna vipimo vitatu, na kila kimoja husema kweli yake. Cha kwanza ni ukubwa wa volyumu. Cha pili ni kiasi ambacho mfumo wa mafaili huonyesha kuwa kimekwisha kukaliwa, ambacho fundi hukiona kwa amri ya `df`. Cha tatu, na ndicho kigumu, ni kiasi ambacho mistari iliyo hai ndani ya majedwali ya kanzidata inakihitaji kwa hakika.

Kati ya cha pili na cha tatu pana umbali ambao asiyeijua tabia ya kanzidata hauoni. Katika PostgreSQL, kwa mfano, mstari ukibadilishwa haufutwi na kuandikwa juu yake. Mstari mpya huandikwa mahali pengine, na ule wa zamani hubaki, kwa sababu huenda kuna msomaji aliyeanza kusoma kabla ya badiliko naye ana haki ya kuona hali ya wakati ule. Chukua jedwali la wanafunzi milioni moja, uamuru kwamba kila mmoja awekewe alama ya mwaka mpya wa masomo: kwa amri ile moja jedwali hukaribia kuwa maradufu, nusu yake ikiwa mizoga. Ufagio wa ndani, ambao tangu toleo la mwaka 2005 umejengwa katika programu yenyewe na hupita bila kuitwa, huikusanya mizoga hiyo na kuitangaza nafasi yake kuwa huru. Lakini huru kwa nani? Huru kwa jedwali lile lile. Faili halipungui, isipokuwa pale kurasa tupu zinapokuwa zimeangukia mkiani mwake. Katika MySQL hali ni jamaa ya hiyo: kufuta mistari huacha nafasi ndani ya faili la jedwali, na lile faili kuu la zamani liitwalo `ibdata1`, ambalo seva nyingi zilizofungwa kabla ya toleo la 5.6 zimerundika kila kitu ndani yake, lilijulikana kwa kukua pasipo kurudi nyuma kamwe. Oracle nayo humruhusu msimamizi kulipunguza faili la data, ila akikuta kipande kimoja cha data hai kimekaa karibu na mwisho humkatalia, hata kama sehemu yote ya kati ni jangwa.

Kwa hiyo fundi anayetazama `df` peke yake ataona gigabaiti 310, aseme kanzidata ni 310, ilhali yamkini data hai ni 180 na zilizobaki ni mashimo. Je, mashimo hayo yazibwe? Jibu langu hutegemea ujao. Ikiwa jedwali hujaa na kupungua kila mwezi, kama jedwali la malipo yanayosubiri, basi mashimo yale ni nafasi ya kazi, na kuyaziba leo ni kuyachimba tena kesho kwa jasho bure. Ikiwa data ilifutwa mara moja tu haitarudi, kama kumbukumbu za miaka kumi zilizohamishiwa nyaraka, basi nafasi ile imekufa, na jedwali liandikwe upya ili irudi.

Na kuliandika upya jedwali ndiko kulikonifanya nianze na habari ya Japani. Amri ya PostgreSQL ya kulibana jedwali kabisa huunda jedwali jipya kando, ikahamishia humo mistari iliyo hai, ikajenga faharasa zake upya, na baada ya hayo yote ndipo hulitupa la zamani. Na muda wote huo hulifunga jedwali, asisome mtu wala asiandike. Kwa kitambo kile, jedwali na pacha wake yako pamoja juu ya diski. Anayetaka kupunguza, basi, hana budi kuwa na nafasi ya kupunguzia. Aliyengoja mpaka volyumu ikafika asilimia 97 ndipo akakumbuka kusafisha, amekwisha kuchelewa, kwa kuwa usafi wenyewe utamalizia asilimia 3 zilizosalia. Sijui mafundi wa Toyota walitumia kanzidata ya namna gani, wala hilo halibadili fundisho: matengenezo ya kufuta na kupanga yalikutwa hayana pa kugeukia.

Kutokana na hayo nafasi ya ziada huweza kuhesabiwa, isikisiwe. Turudi kwa ofisi yetu ya mfano. Kanzidata inakalia 310. Jedwali lake kubwa kuliko yote, pamoja na faharasa zake, ni 120, na hiyo ndiyo nafasi ya kupunguzia. Kwa daftari la miezi, ukuaji ni gigabaiti 8 kila mwezi. Na kwa kuwa katika ofisi ya umma kutoka barua ya kuomba diski mpaka diski kufika mkononi, kupitia makisio, zabuni na mapokezi, yaweza kupita mwaka mzima, tuweke miezi 12, yaani 96. Jumla ni 526. Tukiifanya 600, tumekwisha kuwa wakarimu. Kumbe volyumu iliyotengewa 1,200 ilistahili nusu yake, na gigabaiti 600 zatosha kuiongeza shajara 100, kuzipa nakala rudufu 300, na kuacha 200 zikae katika fungu bila ya kupewa mtu.

Hizo 200 zisizo na mwenyewe nazipenda kuliko zote, nami nitaeleza sababu. Kukuza ni kwepesi na kupunguza ni kuzito. Mifumo ya mafaili inayotumika zaidi, ext4 na XFS, hukubali kukuzwa huku kanzidata ikiendelea kusoma na kuandika; amri moja, nukta chache, mwananchi aliye dirishani hajui kama kumetokea neno. Lakini ext4 haipunguzwi mpaka ishushwe kwanza, maana yake huduma isimame. Na XFS, ambayo Red Hat iliifanya kuwa ya kawaida katika mfumo wake tangu toleo la 7 la mwaka 2014, kwa matumizi ya kila siku haina njia ya kupunguzwa kabisa: aitakaye iwe ndogo huunda volyumu nyingine ndogo, akanakili, akahama. Maadamu hali ndiyo hiyo, hekima ni kuipa kila volyumu kidogo kinachotosha na kuiweka akiba katika fungu, ambako inaweza kwenda popote itakapoitwa, kuliko kuigawa yote siku ya kwanza kwa majina ambayo baadaye hayafutiki ila kwa tabu. Ningetamani kila mkataba wa kufunga seva katika ofisi za umma uwe na sharti hili kwa maandishi.

Na pale kupunguza kunapolazimu, kufanywe kwa utaratibu wake, kwa sababu hapa kosa moja la mpangilio huteketeza kumbukumbu za watu. Nakala rudufu huchukuliwa kwanza, kisha hurejeshwa mahali pengine ikajaribiwa, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kanzidata husimamishwa, mfumo wa mafaili hushushwa na kukaguliwa. Halafu mfumo wa mafaili ndio unaotangulia kupunguzwa, na volyumu hufuata. Aliyeanza na volyumu ameikata ncha ya mafaili yaliyo hai, na hakuna amri ya kuyaunganisha tena. Mafundi waangalifu huupunguza mfumo wa mafaili chini kidogo ya shabaha, katika mfano wetu tuseme 580, wakaileta volyumu hadi 600, kisha wakaukuza mfumo wa mafaili ujaze zile 20, ili kosa dogo la hisabu ya vizio lisije likawa msiba. Kazi yote yaweza kutimia usiku mmoja wa Jumamosi, ikiwa imetangazwa kabla. Wananchi hustahimili vyema usiku mmoja waliopewa habari yake.

Wasichostahimili, na hawana haki ya kustahimilishwa, ni mchana wa ghafula. Volyumu ya shajara ikijaa, PostgreSQL hujizima yenyewe kuliko kupokea muamala isioweza kuudhamini, na katika hilo ina adili. Sababu mara nyingi ni ndogo: seva ya pili iliyokuwa ikipokea nakala za moja kwa moja iliondolewa, ahadi ya kuitunzia shajara haikufutwa, na shajara ikaendelea kutunzwa kwa ajili ya mpokeaji asiyekuwepo tena, haba na haba, mpaka ukingoni. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 upo mpaka wa kuwekea ahadi hiyo, lakini usipowekwa haupo. Ndipo mtu mwenye hofu, simu zikilia kila upande, huingia katika folda akafuta kilichomo ili apate nafasi. Folda hiyo zamani ilikuwa na jina lililofanana na la kumbukumbu za kawaida za programu, ambazo mtu aweza kuzifuta bila ya madhara. Watu waliofuta shajara kwa kudanganyika hivyo walikuwa wengi kiasi kwamba waundaji waliibadilisha kuwa `pg_wal` katika toleo la 10 la mwaka 2017. Anayefuta humo amefuta ushahidi pekee wa miamala ambayo haijafika majedwalini. Akiba ya 200 katika fungu ingalimwokoa kwa amri moja.

Wako wasemao kwamba diski siku hizi ni rahisi, ya nini kuhangaika. Rahisi kwa nani? Diski inayofaa seva ya kanzidata huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na gharama yake haiishii dukani. Mashimo yaliyomo katika mafaili ya kanzidata hunakiliwa pamoja na data kila inapochukuliwa nakala ya mafaili hayo, hukaa mara ya pili katika seva ya akiba, mara ya tatu katika hifadhi ya mji mwingine, na siku ya msiba hurefusha saa za kurejesha, saa ambazo hospitali huzihesabu kwa wagonjwa. Wengine husema tuhamie katika wingu, mambo haya yatakwisha. Hayaishi, huandikiwa ankara. Volyumu za Amazon, zikiwa Cape Town au Ireland, hutozwa kwa gigabaiti zilizotengwa, ziwe zimetumika au hazikutumika. Na ndizo zile zile zinazokubali kukuzwa zikiwa kazini lakini hazikubali kupunguzwa, ila mtu aunde ndogo na ahamie. Ofisi iliyojitengea terabaiti 2 kwa kukisia na kutumia robo yake itailipia robo tatu tupu kila mwezi, daima dawamu, na kwa dola. Ipo pia hila ya kuahidi volyumu nyingi nafasi ile ile moja kwa kutumaini kwamba hazitaidai kwa pamoja. Hufaa mikononi mwa anayepima kila siku, na kwa asiyepima ni deni linalosubiri siku ya kudaiwa.

Kuna upande mwingine ambao viongozi huusahau. Njia ya haki kuliko zote ya kuipunguza kanzidata ni kutotunza kile kisichotakiwa kutunzwa. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na zote zinakataza taarifa za mtu zisikae kwa mtunzaji kupita muda wa haja iliyozikusanyia. Picha za vitambulisho vya waombaji kazi waliokataliwa miaka sita iliyopita, namba za simu za wageni waliosaini mlangoni, nakala ya jedwali zima ambayo fundi aliyekwisha kuhama aliiacha kwa jina la majaribio: hivi huila diski, na papo hapo huiweka taasisi katika hatari ya kisheria. Afisa wa kulinda taarifa na msimamizi wa kanzidata yafaa wakae meza moja walau mara moja kwa mwaka, mmoja na orodha ya kinachoruhusiwa kutunzwa, mwingine na orodha ya majedwali kwa ukubwa wake, wapitie jedwali moja moja.

Wakaguzi nao wana nafasi yao. Mkaguzi afikapo katika bohari ya dawa huhesabu makasha yaliyopo na kuyalinganisha na daftari; afikapo katika chumba cha seva huhesabu mashine, akaona stika za namba, akaondoka. Makasha yaliyomo ndani ya mashine zile hakuyahesabu. Si kazi ya siku nyingi: mistari minne ya daftari lile nililolitaja, kwa kila seva, pamoja na hisabu ya data, jedwali kubwa, ukuaji na miezi ya kungoja ununuzi, hutosha kumwonyesha mtu asiye fundi ni ofisi ipi inayoomba diski kwa haja na ni ipi inayoomba kwa kutojua ilicho nacho. Ombi la diski lisiloambatana na hisabu hiyo lirudishwe kwa mwombaji, kwa upole, pamoja na fomu ya kuijaza.

Katika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio huwa yamekwisha kuandikwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo vipimo vya kwanza vichukuliwe mwezi huu, vya pili mwezi ujao na vya tatu unaofuata, kwa kuwa ukuaji hauonekani kwa kipimo kimoja. Upunguzaji wa volyumu zilizozidi ufanywe katika mwisho wa juma ambao huduma huwa chache. Na karatasi ya matokeo iwe juu ya meza ya mhasibu kabla hajaandika kifungu cha vifaa vya kompyuta.